Josiane na Uyoga wa Malpas

Josiane Vialle hakuanza kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya, ingawa hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Alianza kwa sababu gari lina domo. Ukiliegesha kando ya barabara ya msituni mwezi wa Oktoba, kila apitaye anajua ni la nani, anajua mwenyewe yumo porini, na anajua anatafuta nini. Kesho yake utakuta magari mengine hapo, na kwenye uyoga wako utakuta mashimo matupu. Baiskeli haina maneno. Unailaza kwenye kangaga, unatupia tawi juu, basi. Na mwanamke wa makamo aliyevaa bukta ya kubana na helmeti, akiteremka kilima cha Malpas kwa kasi, nani atamdhania kwamba mifuko mitatu ya mgongoni mwa fulana yake imejaa uyoga?

Pale kijijini Lavergnade mtu atakuonyesha kaburi la mama yake, atakufunulia hata kovu lake la operesheni, lakini hatakuonyesha mahali pake pa uyoga. Hata kuuliza ni utovu wa adabu. Mahali huachiwa mtoto mmoja, mzazi akiwa anakaribia kufa, na mtoto huyo hamwambii mtu mpaka zamu yake ya kufa ifike. Baba yake Josiane, fundi wa kuezeka mapaa, aligawa mali yake alivyoona yeye. Nyumba, zizi na malisho vilikwenda kwa Marcellin, kaka mtu. Josiane alipata mahali. Asubuhi moja ya ukungu mzee alimpandisha Malpas kwa miguu, wakapita kona ya pili, wakaingia msituni hadi kwenye mialoni mitatu iliyobanana. Akamfundisha kukata shina chini kabisa na kulifukia kwa majani makavu, asione hata sungura.

"Kaka yako asijue," alimwambia.

Kwa maneno hayo Josiane aliishi miaka thelathini. Aliuza jibini dukani, akaolewa, akamzika mume, na kila alipopita mbele ya nyumba ya baba na kuona moshi wa Marcellin unatoka dohani, alijisemea kimoyomoyo: wewe una kuta, mimi nina kitu ambacho baba hakukuamini nacho. Hilo lilimtosha. Nyumba hakuitaka tena.

Basi Oktoba moja, mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, alilaza baiskeli, akaingia kwenye mialoni, akainama. Uyoga mkubwa mkubwa ulikuwa umekatwa. Haukuliwa na konokono wala kufukuliwa na nguruwe pori. Ulikatwa kwa kisu, na majani yametupiwa juu ovyo. Josiane alipiga magoti pale kwenye unyevu, na machozi yakamtoka kwa hasira. Kisha akayafuta, akaanza kufikiri ni nani, na akili yake ikishaanza kazi hiyo huwa hailali.

Haikwenda mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani anapanda Malpas kila Jumapili? Nani amekuwa akisoma mwendo wake, anajua anapobadilisha gia, anajua anapopumzika? Régis Lachaud.

Régis alikuwa dereva mstaafu, mjane, mtu wa kuja. Alihamia Lavergnade kutoka kaskazini miaka kumi na zaidi iliyopita, na bado watu walimwita mgeni. Mtu wa kuja hana mahali, maana hana baba wa kumwonyesha. Katika chama cha waendesha baiskeli wa kijiji yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya Josiane kwenye upepo, ili mwenzake ajibanze nyuma ya gurudumu lake na kupanda bila taabu. Ndiye aliyempakia cheni yake mafuta. Juzijuzi tu alikuwa amemwomba aje kwake Jumapili moja kula nyama ya bata, naye Josiane alikubali, akapita siku nzima akijiangalia kwenye kioo cha duka.

Sasa aliyakumbuka yote hayo, kila wema ukamnukia vibaya. Hivi mtu anakukinga upepo mwaka baada ya mwaka bila kutaka kitu?

Jumapili iliyofuata alimchunga. Walitoka kanisani pale kikundi kizima, wakapita bonde, barabara ikaanza kuinuka katikati ya miti, na mazungumzo yakakatika moja moja kama ilivyo kawaida ya Malpas. Kabla ya kona ya kwanza, Régis alipunguza mwendo.

"Tangulieni, nitawakuta juu."

Ilikuwa Jumapili ya tatu anasema hivyo. Mtu mwenye mapaja kama yale! Josiane alipanda huku akigeuza shingo mpaka nusura aingie mtaroni. Juu kileleni wengine walikula ndizi na kutaniana, yeye akasimama akiikodolea macho kona ile. Régis alipotokea hatimaye, hakuwa anahema. Kwenye chuma cha soli ya kiatu chake kulikuwa na jani la kangaga limenasa. Mifuko yake ya mgongoni ilikuwa imetuna.

Josiane alisubiri mpaka mkahawani, kikundi kizima kimekaa kwenye meza ndefu na bia zimeshafika. Hapo akamwambia, kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Régis, toa vilivyomo mfukoni."

"Vya nini?"

"Toa tu. Mtu safi haogopi mifuko yake."

Kila mtu alijua ni Oktoba, na kila mtu alielewa anachoshtakiwa, maana Lavergnade hakuna wizi unaochukiwa kuliko huo. Régis alimtazama Josiane kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kughairi. Josiane hakughairi. Basi akapeleka mikono nyuma, akatoa koti la mvua, akaliweka mezani. Akatoa nusu ya mkate. Halafu akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na bukta ya kuendeshea baiskeli iliyokunjwa vizuri, na nyingine ya pili, imelowa.

"Kibofu changu kimezeeka," alisema. "Kilima kikianza kinanibana. Naingia msituni, mara nyingine nawahi, mara nyingine siwahi. Umeridhika, bibie?"

Mwenyekiti wa chama alikohoa na kuagiza bia ambayo hakuihitaji. Régis alikunja bukta zake polepole, akavaa helmeti, akatoka. Josiane alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Lakini kama nilivyosema, akili yake haikuwa na usingizi, na alipofika nyumbani ilikuwa imeshampa jibu: mtu anaweza kuwa na kibofu kibovu na bado akawa na kisu.

Siku mbili baadaye alipanda Malpas mapema, ukungu bado mzito, akajificha nyuma ya mwaloni akisubiri kumfumania. Alisikia hatua. Mtu alikuja akipapasa kwa fimbo, akainama karibu kabisa na ardhi, akatoa kisu, akakata shina chini kabisa, kisha akachota majani makavu na kuyamwaga pembeni ya kisiki cha uyoga badala ya juu yake. Alikuwa Marcellin.

Josiane alitoka. Kaka yake hakushtuka sana.

"Nilijua siku moja tutagongana," alisema Marcellin. "Ni hili jicho. Zamani nilikuwa nafunika vizuri, hukuona kitu. Sasa mtoto wa jicho ameniingia, sioni ninapomwaga."

"Zamani ya lini?"

"Tangu baba. Alinileta hapa kabla hajakuleta wewe. Nikaona baiskeli yako kwenye kangaga mwaka ule ule. Mimi nachukua nusu, dada, nusu nakuachia."

"Alikwambia nini?"

"Nini tena? Kwamba wewe usijue."

Josiane aliketi chini kwenye majani yaliyolowa. Kila alipopita mbele ya ile nyumba na kujisifu moyoni, kumbe alikuwa akijisifu kwa kitu ambacho kaka yake anacho pamoja na nyumba. Alitaka kumtukana baba, lakini kumtukana maiti ni kujichosha. Marcellin alimpa uyoga mmoja mkubwa, akaupokea, akautia mfukoni. Waliachana bila ugomvi.

Régis hakuonekana tena kwenye chama. Alisikika anaendesha peke yake siku za kazi, mchana. Josiane alimsubiri hapo kona ya pili mpaka akamwona anapanda, taratibu, amesimama kwenye pedeli. Régis alipomwona alisimama, mguu mmoja chini, kwa sababu ni mtu wa adabu.

Josiane alimwomba radhi. Alisema amemwona mkosaji, ni kaka yake wa damu, na hakukuwa na wizi wowote, ni mambo ya baba yao. Alimweleza yote, hata ile nusu kwa nusu.

"Kwa hiyo anachukua nusu tu," alisema Régis.

"Ndivyo anavyosema."

Régis alitikisa kichwa. Josiane akawahi kuongea kabla mwenzake hajapata nafasi ya kusema, akamshika mkono wa fulana.

"Laza baiskeli hapo. Njoo nikuonyeshe."

Hata mtu wa kuja alijua maana yake. Pale watu huoana, huzaa, huzeeka kitanda kimoja, na wasionyeshane. Uso wa Régis ulilainika, na kwa muda Josiane alidhani atashuka.

"Usinionyeshe," alisema hatimaye. "Kaka yako ni damu yako, amekwambia ukweli msituni ana kwa ana, na wewe bado unasema 'ndivyo anavyosema'. Mimi nikishapajua, kila mvua ikinyesha utakuja kuhesabu visiki, halafu utanitazama kama ulivyonitazama mkahawani. Sina mifuko ya kutosha ya kukufungulia, Josiane."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Josiane alifungua mdomo aape kwamba hatafanya hivyo kamwe, akajitafuta ndani, na kiapo hakukipata. Régis alingoja, kisha akauondoa mkono wa Josiane taratibu, akabonyeza kiatu kwenye pedeli, akateremsha gia na kuendelea kupanda. Josiane alibaki kwenye kona akisikiliza cheni mpaka miti ikaimeza sauti yake.