Mgeni Katika Kitanda cha Joash

Mimi Jemimah nitasema, na atakayenuna anune. Watu wa kijiji chetu cha Tabaka wakimwona Nyanchama husema, "Yule mama ndiye aliyetuletea wageni." Basi, wanaenda zao. Hakuna anayeuliza hao wageni walimwachia nini.

Mwaka wa sabini na tatu sisi akina mama wa kanisa tuliunda kikundi. Wazungu walikuwa wakija kutazama waume zetu wakichonga mawe, kisha jioni mbio, hoteli za mjini. Nyanchama akauliza, "Kwani kwetu hakulaliki?" Tukakubaliana walale majumbani mwetu kwa zamu. Sisi wengine tulitaka sabuni na sukari. Nyanchama alitaka mtoto. Mwanawe wa pekee, Joash, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Kericho, na mama yake aliamini kazi ikipatikana nyumbani, atarudi na mkewe Abigael. Joash alikuwa na nyumba yake ya mabati palepale bomani, imefungwa tu. Nyumba ya mama ilivuja, kwa hiyo wageni wakalazwa kwa Joash.

Sasa, kwetu kijana akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake. Hata mvua ya mawe inyeshe, atasimama nje. Hata mtoto mdogo anajua hilo.

Akaja mama mmoja mzungu, mwalimu, mpole ajabu. Ilikuwa Julai, baridi kali. Nyanchama akampa jiko la makaa aote miguu, akamwambia alitoe nje kabla ya kulala. Mgeni akatikisa kichwa kukubali, kumbe hajaelewa. Asubuhi tukabisha, kimya. Mlango umefungwa kwa ndani. Tukamwita Ratemo, mume wa Nyanchama, akauvunja kwa shoka, kisha akaganda kizingitini. Sisi wanawake tulijaribu kumwinua yule mama tukashindwa, vichwa vinatuzunguka kwa ile hewa ya makaa.

"Mama Joash, siwezi kuingia humo," Ratemo akasema.

"Mtu anakufa, Baba Joash! Ingia!"

Akaingia. Akambeba mgeni kutoka kitanda cha mwanawe, akamlaza kwenye nyasi. Mzungu akapona, akatukumbatia sote, akarudi kwao.

Habari zikamfikia Joash. Alikuja akasimama uani. "Mama, wazee wanataka mbuzi mmoja tu, nyumba isafishwe. Abigael hawezi kulala humo hivi hivi. Chinjeni, nirudi."

Ratemo alikuwa tayari. Lakini mzee wetu wa kanisa alikuwa ameshasema, atakayechinja mbuzi wa mila atatengwa. Nyanchama akamjibu mwanawe, "Tumeokoa mtu. Sasa nitubu kwa lipi?" Joash akaondoka bila kunywa chai.

Na sisi kikundi je? Lo! Tulitengeneza mlango, tukaendelea kupeleka wageni mlemle. Hata mzee wa kanisa alipeleka wake. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ratemo alifariki mwaka wa sabini na nane. Joash alikuja kumzika baba yake, akalala kwangu, maana kwake kulikuwa na wageni wawili kutoka Ulaya. Baada ya mazishi mmoja wao alimsogelea, kwa wema kabisa, akamuuliza kwa Kiswahili cha kujifunza kama naye ni mgeni hapa.

"Ndiyo," Joash akamjibu. "Naondoka kesho."

Nyanchama alikuwa nyuma yake, ameshika birika la chai. Alimmiminia mzungu kwanza.