Tasi wa Mama na Ngogo wa Lualaba

Wenzangu mliokulia Kindu enzi zetu, wakati mji ulikuwa nyumba chache za waungwana na mashamba ya mpunga mpaka mto Lualaba, mnaikumbuka harufu ya samaki wa kukaushwa? Kwetu ilimkera mama. Yeye alizaliwa pwani, akaja huku na baba katika msafara, na alichokitamani kuliko vyote ni tasi.

Tasi sijamwona mpaka leo, lakini namjua. Ni samaki mdogo, bapa, anayekaa kwenye miamba ya bahari akila majani kama mbuzi. Akishikwa hujitia madoadoa. Ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni, na hata akifa inachoma. "Mshike ubavuni," mama alitufunza, "ubavuni hana kitu." Tulijizoeza kwa maganda ya ndizi.

Siku moja jirani yetu Mama Asumani, Mgenya, wa kabila la wavuvi wa mto ule, alileta kikapu cha ngogo, wale samaki wenye ndevu wanaolia wakitolewa majini. Nami kwa kujionyesha nikamdaka mmoja ubavuni, barabara. Lo! Miiba ya ngogo iko hapo hapo ubavuni, na akiitanua hairudi.

Nilipiga mayowe. Mkono ukavimba mpaka kiwiko, vidole havikunjiki, nao ni mkono wa kulia. Mama alichochea moto chini ya chungu cha maji.

"Nani alimufundisha mutoto kushika ngogo hivi?" Mama Asumani akafoka.

"Mimi," mama akasema. "Nimemuumiza mwanangu mwenyewe." Akalia.

Wakanitumbukiza mkono katika maji ya moto, moto wa kuvumilika tu. Sumu ya samaki, awe wa bahari au wa mto, haipatani na moto. Hapo wote wawili waliafikiana. Kufika alasiri maumivu yakapoa, vidole vikakunjika.

Kesho yake mama alikaa chini kwa Mama Asumani akafundishwa samaki upya, mtu mzima yule. Tasi hakumtaja tena. Nikimwomba atuhadithie, alijibu, "Wa nini? Yuko mbali."

Watoto wa leo huletewa samaki amekwisha kukatwa miiba, na bado wananung'unika kuwa ana mifupa. Haya, wastarehe. Mama amekwisha kufa, pwani hakurudi. Mimi ningekubali kuchomwa na mkono wa pili, bora nimsikie akinisimulia tasi mara moja tu.