Fimbo Tano za Golfu na Shimo la Baba Mkwe

Jumatatu asubuhi nilitoka nje kunawa uso, nikakuta watu thelathini na saba wanachimba shamba la baba mkwe.

Niliwahesabu mara mbili. Walikuwa na sururu, beleshi na mabeseni, na mmoja wao aliponiona alivua kofia kwa heshima.

"Patron, umeamuka?" akaniuliza. "Ni hapa ulipopata, ao tusogee kidogo?"

Mimi sikuwa nimepata kitu. Na huyo baba mkwe alikuwa bado hajawa mkwe wangu, nilikuwa nimekuja kumwomba binti yake.

Twende polepole, maana nikiruka hata kidogo mtasema nawapiga fiksi.

Naitwa Théophile. Ninafundisha jiografia Kasongo, na ninacheza golfu.

Chekeni tu, nimezoea. Kasongo nzima tuko wawili, mimi na fundi cherehani mmoja, na tunacheza kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla ya shule, mbuzi wakitutazama.

Mchezo huu niliupatia Salamabila, miaka ile nilipokuwa mtunza ghala katika kambi ya kampuni moja ya zahabu. Kulikuwa na injinia mgeni aliyechimba vishimo vitatu kwenye nyasi nyuma ya jiko. Akinikuta sina kazi ananipa fimbo. Siku alipoondoka aliniachia moja tu, ile wanayoita chuma namba saba, pamoja na mipira mitatu.

Kwa asiyejua: mcheza golfu anatembea na mfuko wa fimbo hata kumi na nne, kila moja na kazi yake. Draiva, ile ya kichwa kinene, ni ya kupiga mbali. Za chuma zina namba. Namba ikizidi kuwa kubwa, mpira unapanda juu zaidi na kuanguka karibu zaidi. Weji inatoa mpira kwenye mchanga. Pata inausukuma taratibu uingie shimoni.

Mimi kwa miaka minne nilifanya yote hayo kwa namba saba. Ni kama kupika harusi nzima kwa sufuria moja.

Ndipo nikasikia kwamba mfuko wa yule injinia haukuondoka naye. Uko Salamabila, dukani kwa Mama Kahindo.

Mama Kahindo ni mtu wa Butembo. Ananunua zahabu, anauza sabuni na chumvi, na ana timu yake ya wachimbaji. Kule mwenye shimo anaitwa PDG, na yeye ni PDG wa mashimo mawili. Ni mama mnene, mpole, anayekutazama mikono badala ya uso.

Wakati huohuo nilikuwa na safari ya Kabambare. Emilienne, muuguzi wa hapa Kasongo, mwanamke ninayempenda hadi najisahau, alikuwa amenipangia siku ya kuonana na baba yake, Papa Muzaliwa. Ni mkulima wa kijiji kimoja nje kidogo ya Kabambare. Emilienne alitangulia, na kabla ya kuondoka alinionya jambo moja.

"Théo, Papa atakuuliza kila kintu, utajibu. Lakini asisikie habari ya zahabu hata kidogo. Mutu wa zahabu, Papa hamupatie mutoto wake."

"Mimi na zahabu wapi na wapi," nikamjibu.

Na bado nilipitia Salamabila. Golfu ni ugonjwa.

Mama Kahindo alinimwagia mfuko wote chini, mbele ya duka. Fimbo kumi na mbili.

Piki yangu ilikuwa imeshabeba mzigo wa ukweni, kwa hiyo nafasi ilikuwa ya tano tu. Tulikubaliana nimpe bidon, lile dumu langu la mafuta ya mawese.

Sasa, fimbo ya golfu haichaguliwi kwa kuitazama tu. Unaishika, unafumba jicho moja uone kama mti wake umepinda. Unagonga kichwa chake chini kidogo, unasikiliza kama kimelegea. Kisha unaipitisha juu ya majani taratibu, kulia, kushoto, kupima uzito. Nilifanya hivyo kwa zote kumi na mbili, ikanichukua saa nzima.

Watu ishirini walikuwa wamenizunguka, kimya kabisa. Salamabila watu hawanyamazi hata kanisani. Nilipaswa kujiuliza.

"Hii inafika mita ngapi?" kijana mmoja akaninong'oneza, akionyesha namba tisa.

"Kama mia moja hivi."

Watu wakaguna.

Nilichagua chuma namba tano, namba tisa, weji na pata. Fimbo ya mwisho ndiyo ilinitesa. Akili iliniambia nichukue namba nane, maana uwanja wetu ni mdogo. Macho yalikuwa kwa draiva, nyeusi, inang'aa, kichwa chake kama ngumi ya mtu mzima.

Kasongo hakuna mahali pa kupigia draiva. Mpira ungevuka uwanja, uvuke barabara, uingie kwenye masufuria ya watu sokoni. Nilijua hayo yote. Nikaichukua, kwa sababu nilijiona nimesimama nayo mbele ya Papa Muzaliwa, nikionekana mtu wa maana.

"Na unaenda nazo wapi, mwalimu?" Mama Kahindo akauliza.

"Kabambare. Ukweni."

"Ukweni," akarudia, akitabasamu. "Sawa. Hata mie ningesema ukweni."

Bidon yangu aliipokea bila kuifungua kizibo.

Jumamosi nikafika. Papa Muzaliwa alinipa kiti, akaniuliza habari za safari, akasema maneno makubwa yatangoja Jumatatu, nikishashika jembe. Kwake mposaji anapimwa shambani. Mikono yangu mimi ni ya chaki, na nadhani aliliona hilo tulipoamkiana.

Mchana watu walipokwenda kupumzika, nikajiambia nipige moja tu, ya kutuliza moyo. Nikasimama nyuma ya nyumba na draiva.

Mpira ukapinda kulia, ukaangukia shamba la karanga lililokuwa limeshavunwa, kwenye mteremko.

Mipira ninayo mitatu duniani. Nikaenda kuutafuta. Nilipitisha fimbo juu ya majani makavu, kulia, kushoto, nimeinama, hatua kwa hatua. Nilipouona niliuokota haraka, nikautia mfukoni, kisha nikageuka kuangalia kama kuna aliyeniona. Nilikuwa naona haya kukutwa nakanyagakanyaga shamba la mkwe.

Kulikuwa na watu. Barabarani zilisimama piki nne, na kwenye moja alikaa Mama Kahindo. Alinipungia mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa. Salamabila kuna mashine za kutafutia zahabu. Ni mti mrefu wenye kichwa chini, na unaipitisha juu ya udongo taratibu, huku umetega sikio. Mimi nilikuwa nimeonyesha mji mzima kwamba mashine hizo nazijua kuliko wao, kisha nikawaongoza hadi kwa mzee asiyetaka kusikia neno zahabu.

Jumapili, tulipotoka kusali, nilimwona Mama Kahindo amesimama na Papa kule chini, karibu na kijito. Papa alikuwa ananyoosha kidole huku na huku. Uso wake sikuuona.

Emilienne akaniambia nile. Mimi nilikuwa bado natazama kule kijitoni.

Na ndiyo tukafika Jumatatu, watu thelathini na saba. Nilikimbia hadi katikati yao.

"Wandugu, mimi sina zahabu. Hizi fimbo ni za golfu. Ni mchezo."

Mama Kahindo alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Tueleze huo mchezo."

"Unapiga mpira mdogo uingie katika shimo."

"Kisha?"

"Kisha unautoa."

"Kisha?"

"Unaupeleka katika shimo lingine."

"Na zile fimbo kumi na mbili zote njo za kazi hiyo?"

"Zikikamilika ni kumi na nne."

Wakatazamana.

"Mwalimu," akasema kwa huruma, "utafute uongo mwingine. Ule wa ukweni ulikuwa muzuri zaidi."

Nikaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Namba saba ilikuwa pale, rafiki wa miaka minne, na kwa fimbo hiyo ningeweza kuuweka mpira popote walipotaka. Lakini umati ulikuwa mkubwa, na kichwa changu kikubwa vilevile. Nikachukua draiva.

Mpira ukapinda kulia tena, ukagonga jiwe, ukatokomea katika matete ya kijito.

Watu kumi na wawili wakaacha walichokuwa wanafanya, wakakimbilia matete na beleshi zao.

"Mashine inatupa alama," nikasikia mmoja akisema.

Papa Muzaliwa alikuwa kwenye kiti chake, kikombe cha chai mkononi, akitazama. Niliona Emilienne ananiponyoka hivihivi, kwa ajili ya kampira kasikozidi yai la kuku, na niliumia kweli. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Papa.

"Papa, mimi siko mutu wa zahabu. Ninaapa."

"Nimesikia," akasema. "Rudi uwaambie tena. Sauti yako ilikuwa ndogo."

Nikarudi. Nikawaambia Jumatatu nzima na Jumanne nzima, nikaapa kwa mama yangu na kwa shule yangu. Kila nilipokana, walichimba kwa nguvu zaidi.

Jambo moja lilinishangaza, lile shimo lenyewe. Wachimbaji huchimba kwenda chini, shimo jembamba la kupita mtu. Hili lilikuwa pana, la pembe nne, na kamba zimefungwa kwenye vijiti pande zote. Nikafikiri labda ndivyo wanavyochimba kwao Butembo.

Jumatano, shimo likiwa limefika kiunoni, maji yakaanza kuingia kutoka kijitoni. Mama Kahindo akaosha beseni la mwisho la udongo, akalizungusha, akalitazama. Hakuna hata chembe. Akazitazama zile kamba. Akakitazama kijito. Mwisho akamtazama Papa.

"Muzee," akasema taratibu, "hii haiko shimo ya zahabu."

"Hapana," Papa akajibu. "Iko bwawa ya samaki."

Sururu zote zikasimama.

"Si weye njo ulituonyesha mahali?"

"Muliniuliza mukwe wangu aliinama wapi. Nami niliwaonyesha mahali nilipotaka ainame."

Nilianza kutafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Mama Kahindo alishika kiuno, akatikisa kichwa, kisha kicheko kikamshinda hadi akakaa kwenye matope na kitenge chake kizuri. "Miaka yote nakula watu mie," akasema, "leo nimeliwa na muzee wa karanga." Alipopata pumzi alidai samaki wa kwanza wawe wa timu yake, na Papa akakubali mbele ya wote.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na draiva mkononi.

"Papa, ulikuwa unajua?"

"Emilienne alinieleza mambo ya fimbo zako Siku ya Posho jioni," akasema, akimaanisha ile Jumamosi. "Nilicheka mpaka mama yake akaniletea maji."

"Na ukaniacha niape siku mbili?"

"Ulipokuwa unakataa, njo walikuwa wanaamini. Ungenyamaza, wangerudi Salamabila saa nne." Akanitazama toka juu hadi chini. "Wengine wanakuja kuposa na jembe moja. Weye ulileta watu makumi tatu na saba. Waambie wazee wako waje."

Emilienne alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Lakini Papa hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anawahesabu watu wakitoka shimoni mmoja mmoja. Nami nikahesabu, nikapata thelathini na saba nje na mmoja bado ndani. Huyo wa thelathini na nane alikuwa ameletwa asubuhi ile na piki kuongeza nguvu. Alibaki pembe ya mbali, matope hadi magotini, kofia ameivuta machoni.

Emilienne akaacha kucheka. "Ni Heri," akasema. "Ni kaka yangu, muzaliwa wa kwanza wa Papa. Alienda kwa zahabu, ni miaka sita hajarudi."

Papa alishuka hadi ukingoni mwa shimo.

"Nilisikia wanachimba kwetu," yule kijana akasema bila kuinua uso. "Nikasema nikuje nione."

"Umeona," Papa akajibu. Akakohoa kidogo. "Pembe hiyo haijanyooka. Maliza, kisha uende kwa mama yako ukule."

Baadaye Mama Kahindo aliniambia sharti ambalo Papa alimpa siku ile ya Jumapili. Hakutaka fungu la zahabu wala zawadi. Alitaka tu habari ya lile shimo itangazwe katika kila kambi ya Salamabila, na itajwe kuwa iko kwa Muzaliwa.

Tumeoana na Emilienne mwezi wa nane. Draiva nilimrudishia Mama Kahindo, anafungia nayo mlango wa ghala. Uwanjani sasa naenda na namba saba, weji na pata, zinanitosha.

Wewe unayesoma, ukichagua vifaa vya mchezo wako, chukua vile ambavyo mkono wako unavijua na uwanja wako unaviweza. Mimi nilichukua cha kung'aa ili nionekane, nikaonekana na watu thelathini na nane nisiowachagua. Nilibahatika tu kwamba mmoja wao alikuwa mtoto wa nyumba ile.