Visahani Vyeupe vya Signe

Kila Gunnvor alipoubana mkasi, maumivu yalipanda kutoka kidole gumba hadi kwenye kiwiko. Aliguna, akaligeuza bati la fedha, akaendelea. Bati lenyewe jembamba na laini, hata mkono unalikunja. Alichora duara kwa sindano, akakata, akalainisha ukingo kwa tupa, kisha akaligonga kidogo katikati libonyee. Hapo kisahani kimoja kimekamilika, na kingine kinangoja. Kazi yote ilifanyika kwenye meza ya jikoni, kando ya birika la kahawa na kipande cha jibini ya kahawia ambacho hakuwa na hamu nacho.

Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa siku moja. Ni ule wa kuamka nao. Majira ya kipaimara yakikaribia, watu wa bonde lile la Telemark, Norwe, hukumbuka ghafla kwamba bizimu la fedha la marehemu bibi yao, la kufungia shati kifuani, limepukutisha visahani vinavyoning'inia, na wote hukumbuka wiki ileile. Huyu analileta kwenye mfuko wa nailoni, yule amelifunga ndani ya soksi. Ukiwauliza walikuwa wapi wakati wa theluji, wanacheka tu. Gunnvor alikuwa amewamaliza wote. Lilibaki bizimu la mjukuu wake Signe, ambaye angesimama kanisani Jumapili mbele ya bonde zima.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Miaka yote Gunnvor alikata, na mumewe Tarald ndiye aliyepaka dhahabu, kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Tarald walimzika wakati wa kuvuna viazi. Tangu hapo visahani vya wateja alivirudisha vyeupe, wenyewe wakavipeleka mjini kwa sonara. Lakini vya Signe hakutaka viguswe na mkono wa mtu baki. Alisema atavipaka mwenyewe. Akaenda na ufunguo hadi mlangoni pa kibanda, akasimama pale kama mgeni, akarudi jikoni. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Mwishowe akamwambia bintiye Åsne, mama yake Signe, kwamba vitabaki vyeupe, fedha safi haina aibu.

Kweli haina. Ila huko kwao, fedha nyeupe isiyo na dhahabu ni ya wafiwa, na kila mtu anajua, hata mchungaji aliyeletwa kutoka Oslo alijifunza upesi. Åsne alimbembeleza mama yake, akaambulia mgongo wake. Naye akaona heri anyamaze kuliko kumliza mjane.

Alhamisi Signe alikuja kujaribu vazi lake. Sketi nyeusi, shati jeupe, nakshi nyekundu kifuani, kila kitu kilimkaa vizuri. Åsne akamfunga bizimu. Visahani vikatikisika, vikalia kidogo.

"Nimelipenda hivi hivi, bibi," Signe alisema. "Hata babu angefurahi."

Gunnvor alimtazama. Mtoto huyu kwa kawaida hufungua friji kabla ya kuamkia. Sasa amesimama mikono mbele, anaongea kwa sauti ya chini, ileile ambayo watu wote wamekuwa wakimsemesha nayo Gunnvor tangu msimu wa viazi, sauti anayoichukia kuliko baridi.

"Mama yako ndiye aliyekufundisha kusema hivyo?"

Signe akamtazama mama yake. Åsne akatazama dirishani.

"Sema kweli, mjukuu wangu. Sitakufa."

"Sivipendi, bibi," Signe alisema. "Wenzangu wote watakuwa na dhahabu. Mimi nitaonekana kama nimefiwa na mume. Ila sikutaka ulie tena."

Gunnvor alihisi aibu, aibu ya kweli, ya kumbebesha mtoto wa miaka kumi na minne mzigo ambao si wake. Kazi ya miezi mingi ilimshukia mabegani kwa mara moja. Akanyanyuka, akalifungua bizimu kwa vidole vyake vilivyovimba, akalifunga kwenye kitambaa.

"Mjane humu ndani ni mmoja," alisema, "na anatosha. Åsne, washa gari. Sonara hajafunga."

Åsne alikuwa ameshashika ufunguo wa gari, lakini akasita mlangoni. Tangu mazishi alikuwa hajamsikia mama yake akilitamka neno mjane. Kila mama alipoulizwa na mteja, alijibu kwamba Tarald hayupo.

"Nikifika nimwambie nini, mama? Ataniuliza. Anajua vyetu huwa tunapaka wenyewe."

Gunnvor alikaa. Akausukuma mkasi kando.

"Mwambie avipake dhahabu," alisema. "Mwambie Tarald amekufa."