Sura Nilizokata Kwenye Bafta ya Bibi

Sura ya mdoli inapigwa. Hilo ndilo la kwanza mama alilonifundisha tulipopata ile oda ya midoli ya Krismasi. Ukishajaza kichwa sufi na kukifunga shingo kwa uzi wa katani, unakilaza kwenye ngazi ya uani, unakigonga kwa mchi. Taratibu kwanza, halafu kwa nguvu. Kisipopigwa kinabaki kimetuna kama mpira wa dukani, na mwenye duka aliyetupa oda hakutaka hivyo. Alitaka akina Baba Krismasi na malaika wa kishamba, waliochakaa, kama wametolewa kwenye sanduku la bibi wa mtu. Eti wateja wake ndicho wanachopenda.

"Sasa si wanunue midoli mizee kweli?" nikamuuliza mama.

Nikala kofi. Mama hajibu maswali ya namna hiyo.

Ukimaliza kupiga, unachoma. Sindano ndefu ya kushonea magodoro inaingia pale jicho litakapokaa, inatokea kisogoni, unavuta uzi mpaka uso unabonyea ndani. Pua unaibana kwa vidole na kuishona huku na huku mpaka isimame. Midomo hatukuweka, mwenye duka alikataa midomo.

"Mpige huyo," mama alikuwa akisema. "Bado ana sura ya mtoto."

"Ameshazeeka, mama."

"Hajazeeka. Mpige mpaka akuombe msamaha."

"Hana mdomo, ataombaje?"

Kofi la pili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, vidole vyote vimetobolewa. Kwenye ripoti zangu za shule, tangu kidato cha kwanza, walimu waliandika neno lile lile: ana pupa. Mi niliona wananionea. Mtu akijua anachotaka, akangoje nini?

Tulikuwa tunaishi Kariakoo kwenye nyumba ya Bibi, ile ya kizamani yenye korido katikati na vyumba huku na huku, imebanwa na maghorofa mpaka uani jua linaingia saa chache tu. Bibi si ndugu yetu. Sisi ni watu wa kusini, Wakristo. Wao ni Waislamu wa hapa hapa toka enzi. Mafuriko yalipotutoa Jangwani, Bibi alimkuta mama barabarani kakaa juu ya godoro lililolowa, akamwambia, "Mwanangu, utaumwa mgongo, njoo kwangu." Basi. Tukahamia.

Mwanaye wa mwisho, tuliyemwita Anko, alikuwa anaishi naye. Anachinja kuku sokoni. Mkono wake mzito. Nilishamuona akimbamiza mtu wa mkokoteni ukutani kwa sababu gurudumu liligusa mlango wa mama yake. Kwenye ile nyumba watu walipigana kama wanavyopika, kila siku, na wakimaliza wanakula pamoja.

Sasa, kitambaa. Sura zinatoka kwenye bafta, ile nyeupe nyepesi. Bafta mpya ina dawa ya kiwandani, imekauka kama karatasi. Lazima uiloweke, uisuuze, uianike, ndipo uikate, ndipo uichovye kwenye chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, na chumvi kidogo ili rangi ishike. Usipoitoa ile dawa, chai inashika mabaka mabaka, mdoli anakuwa kama ana ugonjwa wa ngozi.

Siku moja kabla ya kupeleka mzigo, mama alienda Ilala kutafuta sufi. Akanisimamisha mlangoni.

"Bafta ipo kwenye ndoo. Isuuze mara tatu. Ianike. Ikikauka, kata. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nisuuze mara tatu, nianike, ikikauka nikate."

"Na hiyo pupa yako iache chumbani."

Nikatoka uani. Kwenye ndoo maji yalikuwa mazito kama uji, na jua lenyewe linapita. Nikaangalia juu. Kwenye kamba ilikuwepo bafta nyingine, ndefu, nyeupe, imekauka kabisa, laini. Nikajiambia mama ameifua alfajiri akasahau kusema. Hivyo tu. Bibi alikuwa chumbani kwake. Hatua kumi za korido. Sikwenda.

Ilikuwa inanukia kafuri. Nikaona labda ni vile vidonge vya kufukuzia nondo.

Bafta ndefu huianzi kwa mkasi. Unang'ata ukingo kwa meno, unashika huku na huku, unavuta. Inalia. Niliichana vipande, nikachora duara kwa kisahani, nikakata, nikachovya kwenye chai, nikatandaza juu ya bati la banda la jiko, na bati lilikuwa la moto hata dakika kumi hazikufika vikakauka. Rangi ilishika vizuri kuliko siku zote. Nikafurahi. Nikajaza sufi iliyobaki, nikafunga shingo, nikaanza kupiga. Huyu mwalimu wa hesabu. Huyu wa fizikia. Huyu aliyeniita mbele ya darasa zima kuniambia sina subira. Huyo nilimpiga mpaka uzi wa shingo ukakatika.

Vichwa vinane vilikuwa vimepangwa kwenye ngazi, na beseni lingine la chai linatoa mvuke pembeni, Bibi alipotoka kuswali adhuhuri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani kaniondolea nguo yangu kambani?"

"Nguo gani Bibi?"

"Nyeupe. Naianika siku moja kila mwaka, isiliwe na wadudu."

"Hii ni bafta ya mama, Bibi."

"Ya mama yako si ile kwenye ndoo?"

Nikaangalia ndoo. Bibi akainama, akaokota kichwa kimoja, akakipeleka puani. Akakinusa mara mbili.

"Hii ni sanda yangu," akasema.

Nilijua wazee wengine wanaweka sanda zao mapema. Ya Bibi nilikuwa nimeisikia pia, kila mtu mle ndani aliisikia: marehemu mumewe alipoenda Hija alibeba mbili, yake na ya mkewe, akazifua Makka kwa maji ya Zamzam. Yake alizikwa nayo. Ya Bibi ilikaa sandukuni. Nilichokuwa sijui ni kwamba sanda ni bafta tu. Sijui nilidhani ni kitambaa gani. Nilidhani labda kina maandishi.

Bibi hakulia. Akahesabu vile vichwa kwa kidole, mpaka cha nane. "Umenikata hai," akaniambia.

Hapo ndipo Anko akaingia kula chakula cha mchana, buti zina damu ya kuku, kisu amekiviringisha gazeti.

"Kuna nini?"

Bibi akamnyooshea kile kichwa. Anko akakinusa, akaangalia kamba tupu, akaangalia vipande juu ya bati. Akaweka kisu juu ya dirisha, kwa utulivu, na mi nikajua akiweka kisu ana maana anataka mikono yote miwili.

Sikuuona mkono. Niliuona ukuta. Halafu akalipiga teke beseni, chai ikanimwagikia mapajani, ya moto bado, nikapiga kelele mpaka watu wa ghorofa la jirani wakafungua madirisha. Akanishika nywele, nimesuka, akanivuta. Nikadaka kamba ya nguo nisianguke, ikakatika. Akanipiga huku akisema, neno moja kofi moja: "Mama. Yangu. Unamfanya. Mdoli. Mama. Yangu."

"Mwache," Bibi akasema. Lakini alisema polepole, kama mtu aliyeambiwa aseme.

Mama akaingia na mfuko wa sufi kichwani. Mfuko ukaanguka, sufi ikaruka uani kote. Hakuuliza. Aliokota mchi kwenye ngazi, pigo la kwanza likampata Anko begani, la pili sikioni. Anko akapiga goti.

"Mwanangu? Unampiga mwanangu? We mchinja kuku, mwanangu ni kuku?"

"Muulize alichofanya!" Anko ameshika sikio, damu inapita katikati ya vidole. "Nipige tu, lakini muulize kwanza!"

Mama akanigeukia. "Umefanya nini?"

"Nimekata sanda ya Bibi."

Akaangalia ndoo. Akaangalia vichwa. Mchi ukamtoka mkononi, nikafikiri yamekwisha.

Mama alinipiga kuliko Anko. Sijui nisemeje ili mtu anielewe. Anko alikuwa ananipiga kwa hasira, mama alikuwa ananipiga kama anaona godoro lililolowa barabarani, na mtu mmoja tu aliyesimama kumwokota. Aliponirusha chini jino langu lilipita kwenye mdomo. Nikasikia ladha ya damu. Nikamsikia Anko, yule yule, akimshika mama kwa nyuma.

"Basi dada, utaua!"

"Niache nimuue, nimemzaa mwenyewe!"

"Nishampiga mimi! Zimetosha! Zimetosha bwana!"

Wakaanguka wote wawili kwenye sufi. Wakakaa pale wanahema, weupe kama waliomwagiwa unga. Mtu wa ghorofani akacheka, Anko akamrushia buti.

Bibi ndiye aliyenyamazisha. Alikuwa amekaa kwenye ngazi katikati ya vile vichwa.

"Nitakununulia nyingine sasa hivi," Anko akamwambia. "Bafta imejaa mtaani, mama. Nzuri kuliko hiyo."

"Haijafuliwa."

"Ifuliwe."

"Kwa maji gani? Baba yako kalala na maji yale. Nilimwambia mimi pia nitalala nayo. Nitamkuta na nini?"

Mama akainuka, kanga imechanika begani, akatoka mbio hivyo hivyo. Mtaa wa vitambaa uko nyuma yetu tu. Akarudi na bafta mpya kaikumbatia kifuani, akapiga magoti, akaiweka mbele ya Bibi.

Bibi akaishika ncha. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na chupa ndogo ya plastiki, kizibo kimezungushiwa uzi. Anko kuiona tu akasimama.

"Hapana. Mama, hapana. Hayo ni ya kukutia mdomoni."

Nikaelewa. Mtu akiwa anakata roho, hutiwa matone ya Zamzam kwenye ulimi. Mumewe alikuwa amemwachia hayo.

Anko akamshika kifundo cha mkono. "Ukifika wakati wako nitakupa nini? Nikupe ya bomba?"

"Niachie."

"Siachii."

Bibi akavua kandambili akampiga nayo kwenye sikio lile lile la damu. Mwanaume mzima akapiga yowe, akaachia.

"Kiu ya kufa ni ya saa moja," Bibi akasema. "Sanda ni ya kukaa nayo." Halafu akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu anuse kile kichwa. "Wewe. Kanawe hiyo damu, uje usuuze. Na ukanawe kweli kweli."

Nilisuuza. Mapaja yanawaka, jicho moja limefunga. Mara ya kwanza maji yakatoka mazito. Ya pili. Ya tatu yakatoka meupe, na Bibi akasema bado. Nilisuuza mara saba. Sikuwahi kusuuza kitu mara saba maishani. Nikinyanyua uso kumuangalia, anatikisa kichwa, namwaga, nachota tena. Alipoona maji hayana hata povu, akajaza beseni safi nusu, akafungua uzi wa kizibo, akamimina. Yalikuwa machache, hayafiki kikombe. Akaitikisa chupa mpaka tone la mwisho, na Anko akageuka akatazama ukuta.

Nikaichovya bafta humo, nikataka kuikamua.

"Usiikamue!" Bibi akapiga kelele, kelele yake ya kwanza siku ile. "Unataka kuyamwaga tena? Yakaukie humo humo."

Kamba ilikuwa imekatika. Chini kulikuwa na sufi na chai na damu. Kwa hiyo nikasimama nimeishika ncha mbili juu ya kichwa, Anko akaja akashika ncha mbili za upande wa pili, mikono ile ile, na tukaivuta katikati yetu ikae wazi kwenye jua lililobaki. Mama alikuwa ameshaviweka vile vichwa vinane na mabaki yote kwenye kanga ya Bibi, hata vipande vidogo kama kucha. Oda tuliipeleka pungufu. Mwenye duka hakuturudia tena.

Lakini pale uani nilikuwa siwazi oda. Mdomo ulikuwa unajaa damu na mi naimeza, maana nikitema itarukia bafta. Mbele yangu, sikio la Anko lilikuwa linadondosha, tone linakusanyika kwenye ncha ya sikio, linakua. Mama akaliona. Akaja na kitambaa akampangusa, akazunguka akanipangusa mimi kidevu, akarudi kwake, akarudi kwangu.

"Ikigusa chini nakumaliza," Anko akaniambia.

"Haigusi."

"Nyanyua upande wako."

Nikanyanyua.