Picha Iliyokatikia Kwenye Paji la Uso

Mimi nina hasira za karibu, na sioni aibu kusema. Mume wangu alikuwa akiniambia kwamba siku nikichemka, chai haihitaji jiko. Kwa hiyo mwaka ule tulipoingiza intaneti nyumbani kwetu Mandewa, Singida, na intaneti yenyewe ikaanza kukatika kila siku, waliopata taabu si mimi peke yangu. Walitaabika walioishi nami: mume wangu, kuku wake, na mama yangu mzazi.

Zilikuwa zama za soko huria. Vitu tulivyokuwa tunavisikia redioni tu vikaanza kuuzwa pale stendi juu ya turubai, kando ya mitumba. Kompyuta yetu nayo ilikuwa mtumba, imetoka kwenye ofisi iliyofungwa, imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, kupitia kijisanduku kinachoitwa modemu. Ukitaka kuingia, modemu inapiga simu yenyewe. Inalia, inakwaruza, inapiga miluzi nyumba nzima isikie, halafu inanyamaza. Kile kimya ndicho nilichokipenda, maana hapo tumeshaungana.

Sikuwa na haja na dunia nzima. Haja yangu ilikuwa kwa mdogo wangu, aliyekwenda Ulaya kusomea uuguzi, akaolewa hukohuko, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akapewa jina la mama yetu. Picha yake ilikuja kwa barua pepe, na mama alikuwa anaisubiri.

Alikuwa na haraka nayo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakwisha, na la kulia lilikuwa na ukungu uliozidi mwezi hadi mwezi. Ndiyo sababu tulimtoa kijijini kwake Sepuka akae nasi. Tulimpa chumba cha upande wa barabara, tukamwekea na simu ya pili kando ya kitanda, kwenye waya uleule mmoja, ili tukiwa kazini akijikwaa aweze kutuita. Hakuwahi kutuita hata siku moja. "Nataka nimwone wajina wangu," aliniambia, "kabla hili nalo halijafunga." Hakulia. Alilisema vile mtu anavyokukumbusha kwamba chumvi imekwisha.

Sasa, picha enzi hizo haikuja yote kwa mpigo. Ilishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari, unaweza kumenya viazi vya mchana ukairudia. Kwanza ulikuja ukuta wa nyuma. Kisha kofia ya sufu. Kisha paji la uso. Halafu inakatika. Kesho yake tena: ukuta, kofia, paji, kwisha habari. Nililijua paji la yule mtoto kuliko ninavyolijua la kwangu. Na kila ilipokatika mama aliuliza kutoka chumbani, "Amefika?" nami najibu, "Bado, mama, yuko njiani."

Ningeweza kwenda mjini kwenye duka la intaneti, nikaichapisha, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote kwamba kwangu kuna intaneti. Ningepitaje mbele yao na kidaftari changu cha anwani kwenda kuomba ya watu? Kile kiburi nakijutia mpaka leo.

Nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushtakiwa alikuwa upepo, maana Singida upepo hauna likizo. Nikamtuma mume wangu na ngazi akafunge waya vizuri pale unapoingilia darini. Akafunga. Ikakatika. Wa pili walikuwa kuku wake, niliowakuta wamejipanga juu ya ule waya kama wajumbe wa mkutano. Hapo nilifoka, jamani, nilifoka mpaka jirani akachungulia. Mume wangu akawatetea. "Mama watoto, hawa ni kuku wa kienyeji. Intaneti wataijulia wapi?" Banda likahamishiwa nyuma ya choo. Ikakatika. Wa tatu ilikuwa modemu yenyewe, kwamba inapata joto. Nikakaa naipepea na kifuniko cha sufuria kama ninayepepea mkaa. Ukuta, kofia, paji. Ikakatika.

Jambo moja nililiona, nikalipuuza. Ilikuwa haikatiki ovyo ovyo. Ilikatika baada ya muda uleule kila siku, kiasi cha mtu kuketi, kunywa kikombe cha maji na kuvuta pumzi.

Fundi wa simu alikuja siku ambayo mama alikuwa amekwenda msibani Ikungi, na umeme umekatika. Kompyuta haikuwaka, basi akapima waya kwa simu yake ya kupimia. Alisikiliza karibu nusu saa, mara nguzoni, mara darini, huku mimi nimeshika kiuno. Akashuka akajifuta vumbi. "Laini yako nzima kabisa, mama. Huko nje hakuna kitu. Humu ndani simu ziko ngapi?"

"Moja. Na ile ya mama yangu, lakini yeye hampigii mtu."

"Haya," alisema, akifunga mkoba wake. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Loo! Nilikasirika kuliko siku zote. Mtu nimemwita atengeneze, ananipa methali! Jioni hiyo umeme uliporudi nilijaribu tena, na mama naye alikuwa amesharudi. Ikakatikia palepale. Tulipokaa kula ugali nikagonga meza. "Anayeikata hii laini nikimkamata, awe kuku, awe mtu, nitamkata mikono!" Mume wangu akacheka. Mama hakucheka. Aliuliza tu kama kesho mtoto atajaribu tena kuja.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Modemu ikalia, ikapiga miluzi, ikanyamaza. Ukuta ukashuka. Nikaona kofia inaanza, nikainuka nikamlete mama aone hata hiyo kofia, kuliko kukosa vyote. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishiwa tu. Nikamsikia anaongea Kinyaturu, kwa sauti ile ya adabu anayoitumia kwa wageni. Nikachungulia.

Alikuwa amekaa wima kitandani, kitenge kimefungwa vizuri, mkono wa simu uko sikioni. Alikuwa anasalimia. Anauliza habari za safari. Anauliza habari za baba yake na mama yake, habari za baridi ya huko, kama ng'ombe wanapata majani. Anatulia kidogo, anasikiliza, anaitikia, anaendelea.

Nilielewa yote palepale. Mama amelelewa hivyo, na sisi alitulea hivyo: mgeni hakai ndani ya nyumba bila kusalimiwa, hata awe mtoto mchanga. Ila mgeni wa mbali humsalimii akiwa bado anahema. Unamwacha aketi, anywe maji, atulie. Basi mama alikuwa anaisikia modemu inapiga kelele, anajua mjukuu anaingia. Inanyamaza, anajua ameketi. Anampa muda wa kikombe cha maji. Kisha anainua simu.

"Mama," nikasema, "unafanya nini?"

"Namsalimu wajina wangu." Hakushtuka hata kidogo. "Kwao kuna upepo mwingi, simsikii vizuri."

"Mtoto wa miezi minne atakujibu nini?"

"Najua hajibu, mimi si mjinga. Simsalimii ili anijibu. Namsalimu ili asije kusema alikuja kwa bibi yake, bibi akanyamaza."

Ikabidi nimweleze. Nilitafuta maneno laini, na mimi maneno laini sina mengi. Nikamwambia picha na sauti vinapita njia moja nyembamba, na ule mkono ukiinuliwa, picha inakatika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, taratibu. "Kumbe ni mimi," akasema. "Siku zote hizi ni mimi ninayemrudisha mlangoni." Kisha akaninyooshea mikono yote miwili. "Haya. Ulisema utamkata."

Mungu wangu! Nililia. Niliishika ile mikono nikalia kama mtoto, naye ndiye akawa ananibembeleza, ananiambia ninyamaze, tutashtua kuku.

Tulianza upya. Safari hii alikaa na mimi mbele ya kompyuta, mikono ameipakata. Modemu ikalia, ikanyamaza. Ukuta. Kofia. Paji. Picha ilipofika kwenye paji nilimwona mama vidole vinacheza, lakini hakuinuka. Yakaja macho. Ikaja pua. Ukaja mdomo, umefunguka, hauna jino hata moja. Mama akasogeza jicho lake la kulia mpaka likakaribia kugusa kioo, akaanza kumpitia yule mtoto kutoka juu hadi chini, kipande kwa kipande. Alichukua muda mrefu. Sikumharakisha.

"Paji ni la baba yenu," alisema mwishowe. "Masikio ni yangu, pole yake." Halafu akaniuliza, kwa unyonge ambao sikuuzoea kwake, "Picha imeshaingia yote? Haikatiki tena?"

"Haikatiki tena, mama."

"Basi nipe simu. Amekaa muda wote huu ndani ya nyumba yangu, na sijamsalimia."

Ningeweza kumwambia ukweli wa ile simu. Mimi ni mtu wa kusema ukweli, tena kwa sauti kubwa. Nikazima modemu, nikamwongoza hadi chumbani, nikamwekea mkono wa simu sikioni. Ulikuwa na ule mlio mmoja tu wa laini iliyo wazi, ulionyooka, usiotikisika, bila mkwaruzo wa modemu. Akausikiliza kwanza, uso ukafunguka.

"Leo upepo umetulia kwao," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Umetulia. Salimia."