Fundi Placide na Kiti cha Miaka Themanini na Mbili

Ukitaka kumwudhi Placide, vaa koti aliloshona yeye halafu mtu akikusifu useme umelinunua Italia. Hata kama mko kanisani, atakufungua vifungo mbele ya pasta, ageuze ukosi wa kushoto na kuwaonyesha waumini kishono kimoja cha uzi mwekundu, kidogo kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo saini yake. Aliianza Bukavu kwenye cherehani ya kukanyaga, akaja nayo Johannesburg, na mwaka huo wa 2017, akiwa na miaka hamsini na mmoja na chumba cha kushonea pale Bertrams, hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake bila hiyo punje.

Taabu ni kwamba suti zake bora zilikwenda kwenye duka moja la wenye nazo, kaskazini mwa jiji. Huko walichukua wembe, wakachomoa punje, wakapachika lebo yenye jina la Kiitaliano. Placide alilijua hilo siku suti moja iliporudishwa kupunguzwa kiuno, ikiwa imeshabatizwa. Iliuma. Ilikuwa kama kumkuta mwanao anaitwa kwa jina la jirani.

"Jina haliliwi," mkewe Angélique, msusi, alimwambia. "Wewe shona, tulipe nyumba."

Basi mwezi wa saba akatokea Gichuki, Mkenya wa benki, mpole, mtu wa kanisa ambalo ibada yake huisha kwa dakika hamsini na watu wakaenda kula. Placide alikuwa amemshonea suti mbili. Safari hii Gichuki hakuwa na haja ya suti. Alimchukua mpaka kwake, akafungua gereji, akavuta turubai.

Lilikuwa Auburn la mwaka 1935, gari la Kimarekani la wazi, la watu wawili tu, nyuma limechongoka kama mtumbwi wa Ziwa Kivu. Placide alilizunguka mara tatu, kisha akaangua kicheko: usukani ulikuwa kushoto, kama kwao Kongo.

"Enfin!" akasema. "Gari ya watu wa akili."

Kilichomshika zaidi ni kibao kidogo cha chuma mbele ya usukani. Gichuki alimweleza kwamba dereva wa kiwanda ndiye aliyelijaribu, akalikimbiza zaidi ya maili mia kwa saa, kisha jina lake likaandikwa pale.

"Uyu muntu aliendesha siku moja tu, akapata jina," Placide akanung'unika. "Mwenye alishona kiti, jina yake iko wapi?"

"Hiyo sijui, fundi. Shida yangu ni hapa." Gichuki alimwonyesha mshono uliofumuka upande wa abiria, urefu wa kiganja. "Shona hapa peke yake. Kwingine usiguse. Mwezi wa nane tuko na mashindano ya magari ya zamani, na mimi naenda nyumbani wiki mbili, tunapeleka mahari ya kijana wa ndugu yangu."

Wakakifungua kiti, wakakisafirisha Bertrams kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga.

Hapa inabidi tumtetee Placide kidogo. Katika ufundi alioufunzwa yeye, mteja akisema "ziba hapa tu", hana maana hiyo. Ana haya ya kuomba zaidi, au mfuko umetoboka. Fundi mwenye heshima huziba tundu, halafu kimyakimya hubadilisha bitana, hukaza vifungo, hupiga pasi, na mteja akija kuchukua hulia machozi. Hivyo ndivyo fundi anavyopata jina. Sasa Placide akikitazama kile kiti, ngozi imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, angefanyaje? Mwenye macho haambiwi tazama.

Akakivua chote. Akakivika ngozi mpya ya rangi ya damu ya mzee, akaishona vyumba vyumba vya almasi kwa mkono, siku tano, akiimba. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili akajipigia makofi, tena bila aibu.

Alikuwa ameshapiga picha ya kumtumia Gichuki pale simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, nyuma yake watu wanaimba na mbuzi wanajibu.

"Fundi, habari ya kazi? Nilisahau kukuambia. Majaji wanaangalia ngozi ya kiti kwanza. Ile yangu ni ya kiwandani, haijawahi kubadilishwa tangu 1935. Hiyo ngozi ndiyo gari, unaelewa? Bila hiyo hii yangu ni kama zingine tu. Asante kwa kutogusa."

Placide alikaa chini sakafuni. Aliusikiliza tena, labda mbuzi walimchanganya. Kisha akafuta picha na kuanza kutafuta ngozi kuukuu pembeni alikoitupa. Haikuwepo.

"Ile ngozi mbaya?" Angélique akauliza. "Nilipeleka kwa Mama Gaëlle. Sakafu yake ni baridi, na wamama wako kwenye maombi ya kufunga. Ilikuwa ngumu, nikapaka mafuta ya nywele mpaka ikalainika vizuri."

Placide alikimbia mpaka kwa Mama Gaëlle, Joubert Park, akapanda ngazi ghorofa sita kwa sababu lifti ilikuwa imeiaga dunia siku nyingi. Ndani, saa sita mchana, wamama kumi na wawili walikuwa wakilia na kunena kwa lugha. Katikati, juu ya urithi wa Gichuki, alipiga magoti Mama Gaëlle, kiongozi wao, mwanamke ambaye Mungu hakumbania kitu kwenye mwili.

"Mama, pardon. Ninaomba iyo ngozi."

"Ngozi gani?" Hakufumbua macho. "Tangu nipige magoti hapa, goti haliniumi, na karatasi za binti yangu zimetoka. Hii iko na upako."

"Mama, ile ni kiti ya gari!"

"Na fimbo ya Musa ilikuwa nini? Kilikuwa kijiti."

Mabishano yalikwenda mpaka Kitabu cha Waamuzi. Mwishowe Placide aliikomboa ngozi kwa magauni kumi na mawili ya kwaya, na bado akaambiwa asubiri amina.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa washonaji. Placide alifumua kazi yake nzuri, almasi moja moja, roho inamtoka. Kisha akairudisha ngozi kuukuu kwa sindano ya mkono, akipitisha uzi katika matundu yaleyale ya 1935, bila kutoboa hata moja jipya. Uzi wa kitani aliuchemsha kwenye majani ya chai upate uzee. Usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na ubora wake ulikuwa ni kwamba asijue mtu yeyote kuwa imefanyika.

Mambo mawili yalimshinda. Kwanza, magoti ya Mama Gaëlle yaliacha mabonde mawili upande wa dereva, na hakuna mvuke ulioweza kuyaondoa. Pili, alipofika kwenye ule mshono aliotumwa, mkono ulimwasha. Hapa aliruhusiwa. Hapa palikuwa pake. Akaufunga, na mwishoni, chini ya pindo, akaweka punje ya uzi mwekundu.

Siku ya mashindano Gichuki alimchukua Placide, naye akavaa suti yake ya bluu iliyoiva. Jaji alikuwa mzee wa soksi ndefu na tochi. Alipiga goti, akanusa kiti, akafumba macho.

"Mafuta ya zamani," akasema kwa heshima. Akapapasa yale mabonde. "Mnaona? Hapa wamekaa madereva wa miaka themanini. Kitu hiki huwezi kukitengeneza. Hakuna mkono wa binadamu uliogusa kiti hiki tangu kiwandani."

Mikono yote miwili Placide aliificha mfukoni, maana ilitaka kujibu.

Kisha tochi ikashuka kwenye mshono wa abiria, ikasimama.

"Hapa pameshonwa. Uzi mwekundu. Nani?"

Gichuki alitazama viatu vyake, akanong'ona kwa Kiswahili, "Sema hujui, fundi, adhani ni uzi wa kiwandani. Auburn ya Pretoria tuko sawa na yeye. Pointi moja tu ikikatwa, tumeshindwa."

Placide alilijua hilo. Alimpenda Gichuki, na alijua kwamba baada ya hapa huenda asimshonee tena hata kitambaa cha jasho. Akafunga kifungo cha koti.

"Ni mimi," akasema. "Placide, wa Bertrams."

Jaji aliandika. Placide akainama juu ya bega lake, akamwonyesha kwamba jina lina "c" na wala si "s", akasubiri lirekebishwe. Wakatoka wa pili. Gichuki alimshusha kwenye robot ya mwisho, kwenye taa za barabarani, hakumfikisha mlangoni.

Nyumbani Angélique aliuliza, "Imekuwaje?"

"Wamenikata pointi moja," Placide akasema, akivua koti. "Lakini jina wameandika vizuri."